Saumu ya Mlangoni

Nilipoanza kazi kwa Bibi sikujua kwamba Ireland ni nchi inayojitegemea. Nilidhani ni kipande cha Uingereza, kama watu wa huku Johannesburg wanavyodhani Tanga ni mtaa wa Dar es Salaam. Bibi aliposikia alicheka mpaka akavua miwani. Miwani yenyewe ilikuwa imeshaacha kumsaidia. Alikuwa anaona mwanga wa dirisha na umbo la mtu, lakini maandishi hakuyaona tena, na hicho ndicho kilichonipa kazi.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja Afrika Kusini kutoka Ireland akiwa msichana, kufundisha, akaolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akamzika mume, akabaki peke yake katika nyumba ya mawe upande wa Observatory, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka chumbani kwangu Bellevue. Kwa mdomo tuliambiana kwamba nitapika, nitafua na kumpa dawa zake kwa wakati. Ila baada ya wiki moja tu akaniuliza kama najua kusoma Kiingereza kilichoandikwa kwa mkono. Nikasema najua. Akaniambia nitoe kwenye kabati boksi la viatu, lolote.

Yalikuwepo mengi. Ndani yake hamkuwa na viatu, mlikuwa na kadi, zimepangwa wima kama mikate ya kukatwa, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino. Bibi alikuwa ameziandika miaka kwa miaka, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Kila kadi ilikuwa ufalme mmoja.

Alinieleza taratibu, maana aliona sielewi. Zamani za kale kwao, nchi ile ndogo ilikuwa na wafalme zaidi ya mia kwa wakati mmoja. Mfalme wa namna hiyo hakuwa wa kukaa kwenye kasri. Alikuwa mtu aliyewajua ng'ombe wake kwa rangi, na nchi yake ungeweza kuimaliza kwa miguu kwa siku mbili. Juu yake alikuwepo mfalme mwingine ambaye yeye alimpelekea ng'ombe na wakati mwingine mtoto wake akae huko kama dhamana, na juu ya huyo tena mwingine. Ufalme haukwenda moja kwa moja kwa mtoto wa kwanza. Wote waliotokana na babu mmoja, baba wa babu yao, waliweza kuutaka, kwa hiyo mabinamu waliishi wakiviziana. Kadi ilisema ukoo gani ulikalia wapi, nani alitoka kwa nani, nani alimtii nani.

Majina yalinishinda kutamka. Bibi alinisahihisha akiwa amefumba macho, kama maalimu wa chuoni anavyomsikiliza mtoto anayesoma juzuu. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa najua kadi ipo boksi gani bila kuulizwa. Siku moja alimwambia mtoto wake kwenye simu, "Sasa hivi anazijua koo zetu kuliko wewe." Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nilijisikia mtu. Nalisema hili kwa sababu yaliyofuata yalitokana nalo.

Bustani ya Bibi ilikuwa imeota magugu, nami nikamletea mtu. Alikuwa jirani yangu katika nyumba ile ya Bellevue, nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Mimi nilikuwa na chumba kinachofungukia uani, yeye na mke wake walikuwa na chumba cha nyuma. Mkongo, kutoka milimani juu ya Uvira. Mtu mrefu, mpole, anayefikiri kabla ya kujibu mpaka unadhani hakukusikia. Alikuwa amepoteza kazi ya ulinzi. Bibi akakubali aje Jumanne na Ijumaa.

Ijumaa jioni, kabla hatujarudi, Bibi alitaka tunywe chai wote watatu barazani. Ndipo alipokuwa anasimulia. Kiingereza cha yule Mkongo kilikuwa kidogo, kwa hiyo Bibi alisema, nami nikageuza kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiswahili cha kwao, nikakirudisha kwa Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa na maswali.

"Kwetu ni vile vile," alisema. "Kila mulima na mwami wake, na kila mwami na mukubwa wake. Umuulize Bibi, mwami akipata kilema anabaki mwami?"

Nikauliza. Bibi akasema hapana, mfalme mwenye kasoro ya mwili alitakiwa kuondoka. Mkongo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikasema mama yangu ni wa Usambara, na huko nako walikuwepo mazumbe, machifu, na juu yao Simba Mwene. Bibi akataka niandike hayo kwenye kadi yake mpya. Zilikuwa jioni nzuri.

Ijumaa moja alitusimulia juu ya kufunga. Alisema katika nchi ile, mtu mdogo akidhulumiwa na mkubwa hakuwa na jeshi la kumwendea. Alichofanya ni kwenda kukaa mlangoni kwa yule mkubwa na kukataa chakula. Mkubwa akishaona mtu ana njaa mlangoni kwake kwa sababu yake, hakuruhusiwa kula. Ilimpasa atoe rehani, kitu cha kushikwa, kwamba atajibu dai. Akikubali kujibu, yule wa nje naye lazima ale, la sivyo kosa linahamia kwake.

"Na kama ule mukubwa anakula tu?" Mkongo aliuliza.

"Basi amejihukumu," Bibi alijibu. "Tangu siku hiyo hana uso mbele za watu."

Niliyageuza maneno hayo vizuri, neno kwa neno. Mkongo aliweka kikombe chini kabla hajamaliza chai.

Mvua ilinyesha Jumatano ya mwanzo wa kiangazi, ambacho huku ndicho majira ya mvua. Asubuhi niliona vidudu vyeupe kwenye boksi moja, boksi la koo za upande alikotoka mama yake Bibi. Nikalitoa nje, nikaliweka juu ya ukuta mfupi wa baraza lipate jua. Saa tisa mchana Bibi alikuwa amelala. Dada yangu akapiga simu kutoka Tanga. Tulikuwa tunazungumza habari za harusi, nani alivaa nini, nani hakualikwa, nami nilikuwa jikoni nacheka. Anga la Johannesburg halikupi muda. Jua lilikuwa linawaka, mara giza, mara mvua ya mawe juu ya bati kama watu wanamwaga kokoto.

Nilipofika barazani upepo ulikuwa umeshaliangusha boksi. Kadi zilikuwa zimetapakaa kwenye maua, zinapigwa na barafu. Nilizikusanya nikiwa nimelowa chepechepe. Wino ulikuwa umeyeyuka. Mkononi zilikuwa kama mkate ulioanguka kwenye chai, zikikatika kila nilipozishika, na yale majina ambayo Bibi alinifundisha yalikuwa yamekuwa madoa ya buluu.

Kutoka chumbani Bibi aliita, "Ni mvua ya mawe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umefunga madirisha?"

"Nimefunga."

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameamka vizuri, sauti yake ilikuwa na upole wa usingizi. Badala yake nilizitia kadi kwenye mfuko mweusi, nikamwagia maganda ya viazi juu yake, na kesho yake asubuhi gari la taka likabeba. Watu wakiniuliza leo niliogopa nini, najibu kazi, maana hilo linaeleweka. Karatasi zangu za ukaazi hazikuwa imara. Lakini haikuwa kazi. Niliogopa Bibi asinione tena kuwa ni yule anayezijua koo zao.

Ijumaa Mkongo alikuwa anapalilia maua. Akaja mlango wa jikoni na kadi moja iliyokauka ikajikunja, ina udongo.

"Mama, hii si ya Bibi?"

"Ni yake. Nipe nitairudisha."

Nikaitia mfukoni mwa aproni. Jioni niliichoma.

Siku tisa baada ya mvua ile Bibi alitaka boksi lile. Nilijifanya natafuta. Nilifungua makabati ambayo nilijua hayana kitu. Bibi alikaa kitandani akisikiliza milango inavyofunguka na kufungwa. Jumapili mtoto wake alikuja, mtu wa haraka, mwenye funguo za gari mkononi muda wote. Akaniuliza, "Nani anachukua karatasi katika nyumba hii?"

Nikasema, "Mtunza bustani huwa anachukua magazeti ya kuwashia majani makavu."

Ilikuwa kweli. Mara nyingi nimejiambia kwamba ilikuwa kweli.

Jumanne alirudi makusudi, akamwita Mkongo barazani. Bibi alikaa kwenye kiti chake. Mimi niliitwa nitafsiri, kama kawaida. Mtoto wa Bibi akasema mashtaka, nikayageuza. Mkongo alifikiri, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie miye sikugusa ile boksi. Mwambie nilikupa wewe karatasi moja, ilikuwa mu maua, imelowa. Ni wewe uliichukua."

Wote wawili walikuwa wananingoja. Nakumbuka njiwa juu ya paa.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema hakumbuki."

Mtoto wa Bibi akapumua kwa nguvu. Akamwambia aache vifaa, aende, asirudi. Bibi aligeuza uso wake upande wa bustani, ambayo hakuiona. Nikayatafsiri maneno ya kumfukuza, nayo niliyatafsiri sawasawa.

Jioni nilimkuta amesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale tulipozoea kuvuka pamoja. Nadhani alikuwa ananingoja. Hakuwa na hasira. Alisema, "Kingereza yangu ni kidogo, Mama. Lakini neno la kukumbuka ninalijua." Taa ikaruhusu, akavuka, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata sikuwa na kazi. Asubuhi nilifungua mlango kutupa maji, nikamkuta amekaa nje juu ya kreti la soda, amevaa suti yake ya kanisani, mikono juu ya magoti.

"Kaka, vipi?" niliuliza.

"Nimekuja kufunga juu yako," alisema. "Vile Bibi alisema. Sitakula mpaka unijibu."

"Mimi si mkubwa wako. Mimi na wewe ni sawasawa."

"Siku ile barazani ulikuwa mukubwa. Kinywa changu kilikuwa kwako."

Nilirudi ndani nikafunga mlango. Nilijiambia atachoka. Majirani walipita kwenda bombani, niliwasikia wakimuuliza anafanya nini hapo na suti. Yeye alimjibu kila mmoja, "Ninangojea Mama." Hakuongeza. Nilikaa nyuma ya mlango nikingoja aseme jambo langu mbele za watu, ili nipate sababu ya kumkasirikia, lakini hakulisema.

Saa saba nilisikia njaa. Nilikuwa na wali wa jana na maharage. Nimefunga Ramadhani tangu nina miaka tisa. Najua njaa ya mtu ilivyo, najua harufu ya vitunguu inavyofika kwa aliyefunga. Nilipasha chakula juu ya jiko la umeme, nikaongeza sauti ya redio, nikala nimesimama, uso ukutani. Nilikula chote. Kijiko kiliposugua sahani nilijua amesikia, maana ukuta ni mbao.

Jioni aliondoka kwenda kulala, na Jumapili asubuhi alikuwepo tena, midomo imekauka. Hakwenda kanisani. Mchana mke wake alikuja na uji kwenye bakuli lililofunikwa. Alikataa kwa kutikisa kichwa. Mwanamke akaweka bakuli chini, akagonga mlango wangu.

"Mama, umemufanyia nini bwana yangu?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimeuliza tangu jana. Anasema ni mambo yako, ni wewe utasema."

Hakuwa anagombana. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza njia. Kisha akakaa chini pembeni ya mumewe, miguu ameinyoosha, bakuli katikati yao. Nilisimama pale mlangoni. Nilitaka sana kumwambia yule mama kwamba mume wake ni mwizi wa karatasi, nimeona kwa macho yangu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Niliogopa nilipoona jinsi ilivyokuwa tayari.

"Kula," nilimwambia mumewe. "Kesho nitamwambia Bibi."

"Utatoa nini nishike?"

Niliingia ndani nikatoa funguo za nyumba ya Bibi, nikampa. Alizitia mfuko wa koti. "Useme mbele ya wale waliosikia," alisema. Nikakubali. Mke wake akafunua bakuli. Nilimwambia Mkongo nina wali, nina chai, akasema asante, uji unatosha. Alikunywa polepole, akimpa mkewe bakuli kila baada ya funda mbili tatu, nami nilirudi ndani kwa sababu sikustahili kutazama.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Mlangoni alinirudishia funguo nifungue. Bibi alisikia miguu ya watu wawili akauliza ni nani. Nilimwambia yote: vidudu, ukuta wa baraza, simu ya dada, mfuko mweusi, kadi niliyoichoma. Nilimwambia alichosema Mkongo siku ile, na nilichokisema mimi mahali pake. Nilikuwa nalia, na nilijua kulia kwangu kunamwekea mzigo mwingine mtu asiyeniona.

Bibi alishika mikono ya kiti chake. Kisha akasema, "Mwambie naomba radhi. Mwambie nilimjua kwa miezi mingi na sikumtetea." Akanigeuzia uso. "Na safari hii utafsiri."

Nikatafsiri.

"Mwambie nimesikia," Mkongo alijibu. "Mwambie mizizi ya yale maua isimwagiwe maji mengi."

Bibi alimwomba arudi kazini. Alikataa kwa adabu. Alikuwa ameshaitwa na fundi mmoja Soweto, wanajenga. Akanyoosha mkono, akashika wa Bibi, akaondoka.

Mimi sikufukuzwa. Ningefukuzwa labda ningepona. Bibi alinihitaji, na alikuwa mtu wa haki. Aliendelea kuniambia tafadhali na asante. Lakini hakunituma tena kwenye kabati la kadi. Nilimsomea barua za benki na maelezo ya dawa. Mara moja nilimuuliza kama nimsomee falme za kusini, alizozipenda. Akasema, "Siku nyingine." Ijumaa alikunywa chai chumbani kwake.

Lilibaki jambo moja. Waliosikia siku ile walikuwa wawili. Mtoto wa Bibi hakuwepo Jumatatu, na kila alipokuja Jumapili nilijiambia Bibi ameshamwambia. Sikumuuliza Bibi. Mkongo naye hakunidai. Baada ya mwezi yeye na mkewe walihama Bellevue. Tuliagana vizuri, mkewe akaniachia sufuria lake kubwa.

Bibi alihamishwa kwenda kwenye nyumba ya wazee pwani, karibu na mwanawe ambaye alikuwa amehamia huko, na nyumba ya mawe ikauzwa. Mimi sasa niko Rosettenville, kwenye duka la mikate. Mwaka huu nilikutana na mke wa Mkongo kwenye foleni ya kliniki. Aliniambia bila uchungu wowote kwamba, siku zile, jirani mmoja wa Bibi alitaka kumwajiri mume wake bustani, kazi ya kila siku, karibu na nyumbani. Kisha akabadili mawazo. Mtoto wa Bibi alikuwa amemwambia huyo ni mwizi. "Lakini Mungu alisaidia," alisema. "Soweto ni mbali tu." Mume wake anaamka saa kumi za usiku.

Siku hiyo hiyo nilipiga simu. Mtoto wa Bibi alinikumbuka mimi mara moja, akafurahi, akaniambia mama yake hajambo, anakula vizuri. Nikasema nina jambo la kusema juu ya mtunza bustani.

"Yupi? Tulikuwa na wengi."

"Yule Mkongo. Mrefu. Uliyemfukuza kwa ajili ya boksi la kadi."

Nilisikia gari likipiga kona. "Boksi gani?" aliuliza.

Nikamweleza lote, mpaka sentensi yangu barazani. Alinisikiliza. Akasema sawa, ni zamani, nisijisumbue, asante kwa kumwarifu. Nikamwomba amwambie yule jirani. Akasema atamwambia akikumbuka. Kisha akaniuliza kama bado natafuta kazi za nyumbani, kuna rafiki yake ana mama mgonjwa, na mimi huwa nasifiwa kwa uaminifu.

Nilisema hapana, nina kazi. Simu ikakatika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya duka kwenye magunia ya unga, na mwenzangu alikuwa ananiita, mkate umeiva. Namba ya Mkongo ninayo. Sijampigia, kwa sababu sijui nimwambie vipi kwamba jina lake nililipeleka likasafishwe na mtu aliyeliharibu, naye hata hakulikumbuka.